Promota Anapofika Munigi: Shamba, Kiwanja na Amani ya Majirani

 

Leo tuzungumze juu ya mtu ambaye ninyi wa Munigi mnamjua vizuri, ingawa kila mmoja anamwita kwa jina lake. Wengine wanasema promota. Wengine wanasema tajiri wa viwanja. Vijana wanaomzungushia mashamba wanamwita patro. Ni mtu anayenunua shamba la hekta moja au mbili, analikata vipande, anachora njia kwa chokaa juu ya mawe, halafu anauza kipande kimoja kimoja kwa watu wanaotoka mjini. Akiwa na nguvu zaidi anajenga nyumba mwenyewe na kuziuza zikiwa na mlango, bati na ufunguo.

Mtu huyu si adui. Naanza na neno hilo kwa sababu katika mikutano mingi, jina lake likitajwa tu, wazee wanagonga fimbo chini na vijana wanapiga makofi. Wazee wanaona shamba la babu linakwisha. Vijana wanaona kazi ya kubeba mawe, kupiga saruji, kuendesha chukudu. Wote wawili wanaona kitu cha kweli, na kila mmoja anaona nusu yake. Kazi yangu leo ni kuwawekea nusu zote mbili mezani, pamoja na sheria. Katika sehemu hii ya nchi shauri la shamba likikosa mwamuzi halikai shamba siku nyingi. Linapanda barabarani, linavaa nguo ya kabila, na watu wasiomiliki hata mita moja wanaanza kupigana.

Kwa nini promota anakuja Munigi? Tazameni tu mji ulivyokaa. Kusini ya Goma ni ziwa Kivu. Mashariki ni mpaka wa Rwanda. Kuelekea magharibi na kaskazini kuna mipaka ya hifadhi ya Virunga, iliyowekwa tangu 1925. Mji ukitaka kupumua, unapumulia upande wetu, kwenye barabara ya Rutshuru. Na mji huo umejaa mara nyingi kwa ghafula. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, na Munigi ilikuwa moja ya kambi za mwanzo. Wazee mnakumbuka kipindupindu cha mwezi ule. Katika eneo zima la Goma walikufa watu wapata 50,000, na mwamba wetu ulikataa kuchimbwa, si kaburi si choo. Baadaye vita vya Masisi na Rutshuru vilileta wengine, na wengi hawakurudi. Mtu aliyekuja na godoro kichwani leo anatafuta kiwanja cha mtoto wake. Promota hakumleta. Alimkuta.

Sasa tuje kwenye sheria, nami nitasema polepole. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya serikali peke yake, haiuzwi, wala haipotei kwa kupita miaka. Kwa hiyo mkulima anayesema ameuza shamba, mbele ya sheria ile hakuuza udongo. Ameachia haki yake ya kuutumia. Na mashamba ya kijiji, yale yaliyogawiwa na wazee kwa neno la kinywa, mbele ya mashahidi, kwa kibuyu cha kasiksi? Kifungu cha 387 kiliyaingiza katika ardhi ya serikali. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba Rais angetoa amri ya kueleza haki za wenyeji juu ya mashamba hayo. Miaka makumi ilipita bila amri hiyo kutoka. Hapo ndipo pengo lilipofunguka, na ndani ya pengo hilo ndimo wengi wamejenga.

Matokeo yake ni kwamba mlango mmoja una funguo mbili. Ufunguo wa kwanza uko kwa wazee, shefu wa kijiji, na juu yao mwami wa Bukumu. Ufunguo wa pili uko ofisini, kwa konservateri wa hati za ardhi. Mjanja anatumia ufunguo mmoja dhidi ya mwingine. Kwa mkulima anakuja na neno la shefu, kwa ofisi anakwenda na karatasi. Mkulima anaamini bado ana shamba, maana wazee hawajamwondoa, kumbe karatasi imekwisha kutoka kwa jina la mtu ambaye hajawahi kulala Munigi hata usiku mmoja. Na hati ile kuu, ambayo sisi tunaiita sertifika, si karatasi ya mchezo. Sheria ile, kama ilivyorekebishwa 1980, iliipa nguvu kubwa: miaka miwili ikipita, haivunjwi tena kwa urahisi, na aliyedhulumiwa hubaki akidai fidia ya fedha tu. Kwa hiyo ukisikia shamba lako limepimwa na watu usiowajua, usingoje mavuno. Nenda wiki ile ile.

Lakini sheria hiyo hiyo haikumwacha mkulima mikono mitupu. Kuanzia kifungu cha 193 iliagiza kwamba ardhi ya shamba isitolewe kwa mtu kabla ya uchunguzi kufanywa mahali penyewe. Mipaka itazamwe kwa macho. Watu wanaokaa pale waandikwe. Mimea na nyumba zilizopo zitajwe. Mwenye dai asikilizwe. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, na kumbukeni hilo neno mila. Kwa hiyo mtu akikuambia, “Babu, wewe huna karatasi, huna haki,” mjibu kwa upole kwamba hajaisoma yote. Kisha muulize: uchunguzi ulifanywa siku gani? Nani aliitwa? Kwa nini mimi sikuitwa? Nimeona shauri moja likibadilika kabisa kwa maswali hayo matatu, bila wakili na bila fimbo.

Nirudi kwa promota, maana nimesema si adui. Mjini Goma, katika mitaa iliyojaa bila kupangwa, ukitokea moto gari la zimamoto halipiti. Nyumba za mbao zimegusana ukuta kwa ukuta, njia ni ya mtu mmoja na ndoo yake. Aliyekata viwanja vile kimoja kimoja alikuwa mkulima mwenye shida, aliuza kwa ajili ya ada ya shule, mwaka uliofuata akauza tena kwa ajili ya hospitali, na hakuna aliyefikiria barabara. Promota mwenye akili anaweza kufanya lile ambalo mkulima mmoja hawezi. Anaweza kuacha njia ya mita nane, kuweka mahali pa shule, kuleta nguzo za umeme, kuvuta bomba. Hapa kwetu bomba si anasa. Munigi haina mto. Mvua inanyesha na lava inaimeza, na maji ya kunywa yanapanda kutoka ziwani, mara nyingi kwa nguvu ya miguu na chukudu. Anayeleta bomba la watu wote karibu na kijiji amewapunguzia wasichana safari nyingi, na tumshukuru bila aibu.

Tatizo ni kwamba ahadi ya bomba inasemwa kwa mdomo, na bei ya shamba inaandikwa kwa kalamu. Mimi nasema vyote viandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama promota ameahidi njia, mahali pa zahanati na bomba, maneno hayo yaingie katika mkataba wa mauzo pamoja na tarehe ya kutimizwa, na mkataba usomwe kwa lugha ambayo muuzaji anaielewa. Barua ya Kifaransa iliyosomwa mbio mbele ya mzee anayetikisa kichwa kwa heshima, hiyo mimi siiiti makubaliano.

Tupige hesabu kidogo. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Tuseme promota ameacha robo nzima kwa njia na mahali pa watu wote. Zinabaki 7,500. Akikata viwanja vya mita 15 kwa 20, yaani mita 300 kila kimoja, anapata viwanja 25. Sasa wewe mkulima umepokea bei ya shamba, fedha taslimu, na kwa miezi minne umekuwa mtu mkubwa kijijini. Umenunua pikipiki. Mwaka wa pili pikipiki imekufa, na wewe unaomba kazi ya kulinda saruji juu ya shamba lililokuwa lako. Kwa nini usiseme tangu mwanzo: nipe fedha pungufu, lakini viwanja vitatu kati ya 25 vibaki kwa jina langu na la mke wangu, vikiwa vimepimwa na vyenye hati? Promota wengi watakubali, maana fedha taslimu ndiyo inayowasumbua mwanzoni. Mtoto wako atakuwa jirani wa wageni, hatakuwa mlinzi wao. Amani ya mtaa inaanzia hapo, kabla ya mkutano wowote wa amani tunaouitisha sisi.

Nimetaja mke. Baba zangu, mnisamehe, hapa nitawakwaza. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987, kifungu cha 499, inataka mapatano ya mume na mke wote wawili kabla ya kuhamisha haki ya ardhi, hata kama ardhi ni ya mmoja wao. Mwanamume anayekwenda kuuza shamba jioni, kwenye baa, na mke anapata habari asubuhi akiwa na jembe begani, amefanya mauzo yenye ufa. Promota mwangalifu hatanunua namna hiyo, maana ufa huo utamrudia. Na mjane asifukuzwe na shemeji zake kwa sababu mnunuzi amefika na dola. Sheria hiyo inampa haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na marehemu. Shemeji anayeuza nyumba juu ya kichwa cha mjane anauza kitu kisicho chake, na dekri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba inasema wazi kwamba kuuza kitu cha mtu mwingine ni bure, hakuna mauzo. Mnunuzi aliyedanganywa anaweza kudai fidia kwa aliyemdanganya. Hii ni sheria ya zamani sana, lakini kila juma ingeweza kuokoa familia moja katika barabara hii ya Rutshuru.

Majirani zetu nao wana la kutufundisha. Kule Kigali, kampuni ya Savanna Creek ilipewa kazi ya kujenga upya mtaa wa Kangondo, ule ambao watu waliuita Bannyahe. Wakaaji walijengewa nyumba Busanza. Wengi wao walikataa, wakataka fidia ya fedha, kesi zikafika mahakamani, na mwishowe, 2022, mtaa ukabomolewa na watu wakahamishwa. Nyumba za Busanza zina choo na maji, sikatai. Lakini mtu aliyekuwa na vyumba vitano vya kupangisha akapewa nyumba ya kulala tu amepoteza kazi yake pamoja na ukuta wake, na hilo linapaswa kuulizwa kabla tingatinga halijawashwa. Huko Syokimau, karibu na Nairobi, Novemba 2011, nyumba nzuri za matofali zilibomolewa kwa sababu zilisimama juu ya ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Wenye nyumba walikuwa na karatasi. Walikuwa wamelipa. Karatasi zao zilitoka mahali pasipokuwa na haki ya kuzitoa. Sisi tunaokaa karibu na uwanja wa ndege wa Goma na karibu na mpaka wa hifadhi, tuisome habari hiyo mara mbili.

Kuna jambo lingine ambalo promota wa Nairobi hana, na wa kwetu analo juu ya kichwa chake kila siku. Ni Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka hadi karibu na Munigi, lava ikashuka katikati ya mji, ikala sehemu ya uwanja wa ndege na kuacha watu wapata 120,000 bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikamaliza vijiji, ikasimama Buhene. Watu 30 hivi walikufa, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mwaka uliofuata viwanja viliuzwa juu ya lava mpya. Sisemi mtu asijenge. Goma nzima imejengwa juu ya lava, na mtu maskini hachagui mlima. Lakini anayeuza kiwanja anajua lava ilipita wapi 2002 na 2021, na kumficha mnunuzi aliyetoka Walikale au Lubero ni udanganyifu. Dekri ile ile ya 1888 inasema kibali kilichopatikana kwa udanganyifu au kwa nguvu si kibali. Vilevile mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya mabondeni, hasa upande wa Mugunga na Bulengo, na kuua mbuzi asubuhi na mtoto pia. Bonde lenye mazuku likigawiwa kuwa viwanja, mimi sioni jina jingine la kuliita ila kosa. Waulizeni wa Observatwari ya volkano, iko hapa hapa Goma tangu 1986, kabla ya kumwaga saruji.

Na lava inapofunika shamba, shamba ni la nani? Swali hili linarudi kila mara. Haki yako haiungui. Iliyoungua ni nyumba, mgomba na jiwe la mpaka. Ugumu ni kuonyesha mpaka tena, na hapo karatasi peke yake haitoshi. Inahitajika midomo ya majirani wanne, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, wakutane siku moja, waonyeshe, na maneno yao yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya shefu. Fanyeni hivyo kabla promota hajafika. Akifika, kila jirani ataanza kukumbuka mpaka wake ukiwa mita tatu mbele, na hiyo mita tatu ndiyo inayochinja ndugu.

Vita navyo vinanunua na kuuza. Januari 2025 mji wa Goma ulichukuliwa na AFC/M23, na mwezi uliofuata kambi za waliokimbia, Kanyaruchinya ikiwemo, zikavunjwa. Wengine wameondoka na kuacha nyumba. Wengine wamerudi na kukuta shamba lina uzio. Mimi sizungumzi siasa katika kipindi hiki, nazungumza mkataba. Kiwanja kilichouzwa na mtu anayekimbia, kwa bei ya usafiri, huku mnunuzi akijua hofu yake, ni kiwanja chenye kesi ndani yake. Ile kesi haifi. Inalala miaka kumi, halafu inaamka katika mtoto wa yule aliyekimbia. Promota anayekusanya viwanja vya namna hiyo kwa sababu ni rahisi anajiwekea akiba ya ugomvi, na wateja wake wataurithi. Ukimwona jirani yako hayupo, tunza ufunguo wake. Ukishindwa, angalau usiwe shahidi katika karatasi ya kumwuzia mali.

Neno moja kwa komisioneri, hawa vijana wetu wanaokutanisha muuzaji na mnunuzi. Ninyi mnakula asilimia pande zote mbili, sawa, ni kazi. Lakini kiwanja kimoja kikiuzwa mara mbili, mara nyingi mmoja wenu alikuwepo mara zote mbili. Kijiji kinajua. Wanunuzi wale wawili watakutana siku moja, kila mmoja na karatasi yake na mafundi wake, kimoja cha jamii hii na kingine cha jamii ile, na asubuhi hiyo wewe hutaonekana. Shefu anayetaka kijiji chake kitulie anaweza kuweka daftari moja tu, lenye kurasa zilizopewa namba, kila mauzo yaandikwe humo mbele ya muuzaji, mke au mume wake, mnunuzi na majirani. Daftari hilo halichukui nafasi ya hati ya serikali. Linazuia tu mauzo ya pili, na hilo si dogo.

Na kama ugomvi umekwisha kuzaliwa? Usianze na mahakama kama unaweza, wala usianze na askari hata kama unaweza. Mahakama itakuuliza karatasi na muda, askari atakuuliza fedha. Anza na wazee wa pande zote, kisha wapatanishi wa ardhi. Tangu 2009 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lilifanya kazi ya upatanisho wa mashamba katika Kivu ya Kaskazini, na watu waliofundishwa wakati ule wako bado vijijini. Mpatanishi haamui nani mkweli. Anawapeleka wote shambani, mnatembea mpaka kwa miguu, na mkikubaliana mnaandika. Mara nyingi suluhu ni ya kawaida kabisa: mnunuzi wa pili anapewa kiwanja kingine na promota aliyekosea, mjane anabaki na nyumba na njia ya kupitia, mzee anaombwa radhi kwa kutoitwa. Hilo la kuombwa radhi msilidharau. Nimeona mashauri yaliyodumu kwa miaka mingi yakisimama juu yake tu.

Barua zenu nyingi zinauliza kama mgeni kutoka jamii nyingine anaweza kumiliki kiwanja Munigi. Sheria haikuandika kabila popote katika hati. Mkongomani ni Mkongomani. Anayejenga kwa haki, aliyelipa mwenye haki, mbele ya mke wa mwenye haki na majirani wanne, huyo ni mkaaji wa Munigi, na watoto wake watafuata maji pamoja na wa kwenu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya wapangaji na dhamana ya nyumba, maana nalo limeleta vilio vingi huko Majengo na Katoyi. Mwenye mkataba wowote wa kupangisha auweke karibu na redio. Kwaherini.